Daftari usimpe mtu! (kwa mleta uzi wa Wete)

Usimpe. Hilo daftari usimpe, na kama ushalitia mkobani unasubiri boti ya kesho, litoe ulirudishe kabatini kwa mama.

Nimeusoma uzi wako wote, mdogo wangu. Umeuliza uhamie Unguja au ubaki Wete, ujifunze udi au kinanda, nyimbo za mapenzi na za mawaidha zipi zinatoka zaidi, na kama mtu anaweza kuishi kwa utunzi tu. Wadau wamekujibu kwa upole, wamekupa hongera, mmoja kakuandikia aya nzima juu ya nyuzi za udi. Hakuna hata mmoja aliyegusa ule mstari wako wa chini kabisa, ulioupitisha kama salamu: kwamba kiongozi wa kikundi fulani cha mjini "kasema nimpelekee daftari langu lote azipitie nyimbo, mambo ya makubaliano tutazungumza baadae nikishazoeleka." Hapo ndipo chai iliponipalia.

"Tutazungumza baadae." Yakhe, mie hayo maneno nishayasikia, barazani, kwa sauti ya upole na mkono begani. Hiyo baadae bado naisubiri.

Mie nilianzia kwenye kidumbaki, harusi za Ng'ambo na za mashamba. Kwa watu wa bara mlio humu: kidumbaki ni ngoma mbili ndogo, fidla, sanduku la kamba moja linalofanya kazi ya besi, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (vifuu vya nazi vya kutikisa), na mwimbaji anayeunganisha wimbo na wimbo bila kupumzika mpaka wanawake wachoke kucheza, na hawachoki. Nikagonga mkwasa, nikapanda kwenye sanduku, mwisho nikachukuliwa na kikundi cha taarab kupiga besi ya kweli. Umaarufu sikupata. Ukinitaja Michenzani watakuuliza "yupi, yule fundi wa friji?" Ndiye huyo. Friji ndizo zilizonisomeshea watoto, si muziki, kwa hiyo suala lako la kuishi kwa utunzi nadhani nishalijibu.

Lakini natunga. Noti sizijui, natunga kwa mdomo nikiwa chini ya friji la mtu, mizani nahesabu kwa vidole, nikifika nyumbani naandika. Daftari langu lilikuwa la mraba yale ya hesabu, jalada la kijani, kalamu ya risasi. Tarehe sikuandika hata pahala pamoja. Naandika tarehe ya nini, mie si karani.

Humo ndani ulikuwamo wimbo unaitwa "Mlango wa Uwani". Beti tano za mistari mitatu, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vyote vimesimama. Ya mwanzo hii:

Mlango wa barazani, wambea wameujua
Nakungoja wa uwani, komeo nimefungua
Ndara ziwe mkononi, wasisikie hatua

Sijisifu. Ila huo mstari wa ndara najisifu. Na beti ya tano nilijitaja, kama walivyokuwa wakifanya watunzi wa zamani, mtu akifika mwisho wa shairi anaweka jina lake ijulikane kazi ya nani. Hiyo sikuandikii hapa, nimeingia jukwaani kwa jina la bandia miaka yote hii siwezi kuja kujifichua kwa kina cha kati.

Sasa skiza nilivyoliwa.

Kiongozi wetu alikuwa fundi, hilo silipingi. Fidla anaipiga mpaka ikazungumza, makamu anazijua, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, unamwimbia kitu kwa mdomo anakwambia hii bayati, na hapa katikati umeingia hijazi bila ya kujijua. Mie asiyejua noti nilimuona mkubwa sana. Siku moja baada ya mazoezi akaniuliza nna nyimbo ngapi, nikamwambia zimejaa daftari. Akasema, lilete nizipitie. Masharti? Tutazungumza baadae.

Nilikuwa na kijishaka. Kwa hiyo nikenda kumuuliza mzee mmoja wa pale klabuni, mtu wa kofia ya kazi nzuri, akikohoa watu wananyamaza. Huyu ndiye ninayemlaumu kuliko hata kiongozi. Kiongozi aliiba, na mwizi kazi yake kuiba. Mzee alikuwa na kazi moja tu, ya kunambia ukweli, akanambia hivi: "Mwanangu, mtunzi wa taarab hajitangazi. Anayejitangaza ana njaa."

Njaa nilikuwa nayo kweli, lakini nikaona haya.

Na ubaya wa lile neno ni kwamba nusu yake ni kweli, ndiyo maana linaua. Taarab yetu tangu zamani imeficha watunzi. Mtu ana lake moyoni, kaachwa, au jirani kamsema, anampelekea mtunzi au anaandika mwenyewe, shairi linaingia klabuni kimya kimya, na siku ya siku wimbo unaimbwa ukumbini mhusika yupo kakaa mstari wa mbele. Unamuona bibi anainuka taratibu na noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji pale pale kwenye ule mstari wenyewe, akirudi anapita mbele ya mwenzake. Jina la mtunzi lingetajwa, raha yote ingekwisha, na pengine pangechimbika. Ndiyo desturi, na nzuri. Hata kwenye sahani za santuri mambo ni hayo hayo: sahani za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928 zinajulikana kwa jina la Siti. Nenda hapo Jaws Corner penye kahawa uwaulize vijana kuhusu wenzake aliokuwa akipiga nao, kina Subeti Ambari, Buda Swedi, Maalim Shaaban. Watakuuliza wanachezea timu gani.

Lakini nusu ya pili mzee aliimeza. Yule bibi aliyeficha jina alificha kwa hiari yake, na alichokitaka alikipata usiku ule ule, mwenzake kanuna, hesabu imefungwa. Mie sikuwa na mtu wa kumpasha. Mie nilikuwa nataka kodi ya nyumba.

Na huyo mzee, nilikuja kujua baadae sana, mashairi yake yeye yote kayaandikisha. Moja baada ya jengine, na karatasi zake kazitia kwenye bahasha ya plastiki zisiliwe na mchwa. Anayejitangaza ana njaa! Nikikutana naye njiani mpaka leo namwamkia, shikamoo, mguu huu nataka kwenda na mguu huu nataka kumuuliza.

Haya. Daftari likenda. "Kupitia" maana yake nini? Kwa yule bwana maana yake alibadilisha neno moja. Moja! "Komeo nimefungua" akaifanya "kitasa nimefungua". Mizani ile ile, mimi mwenyewe nikacheka nikaona si kitu. Ingawa wallahi mlango wa uwani wa nyumba ya Kiswahili una komeo, kitasa kimetoka wapi, hiyo ni nyumba ya nani, ya balozi? Hilo neno likaja likamfanya mtunzi mwenzangu, na baada ya muda yule "mwenzangu" akaanguka akabaki mtunzi.

Akatia bashrafu fupi mwanzoni, kile kipande cha ala tupu cha kufungulia, nzuri, sikatai. Halafu akasema wimbo mrefu mno, watu wanataka kucheza, tukate beti ya mwisho. Ile yenye jina langu. Mie nipo pale na besi yangu nikatikisa kichwa, ndiyo Maalim, mrefu kidogo. Nimeshiriki kukata jina langu mwenyewe, na besi nikaishusha kwa raha pale tulipomalizia beti ya nne.

Mara ya kwanza tuliupiga harusini Jang'ombe. Mwimbaji alipofika "ndara ziwe mkononi" akainuka mama mmoja mtu mzima, kanga mbili, akavua ndara zake kweli kweli, akazishika mkono mmoja na pesa mkono wa pili, akaja mbele kwa kunyata, vidole vya miguu tu, anageuka huku na huku kama anaogopa kusikika. Ukumbi ulivunjika. Mwimbaji ilibidi arudie mstari ule sijui mara ngapi, na kila ukirudiwa anainuka mwengine na viatu mkononi. Kuanzia usiku ule popote wimbo ukipigwa wanawake wanavua viatu. Nakwambia hili ili ujue kwa nini mtu anadanganyika. Nilikuwa nyuma, kwenye giza, jasho linanitiririka, nikajisemea moyoni mie sihitaji kitu chengine. Ndipo wanapokukamatia hapo.

Kisha wakarekodi. Siku ile mimi nilikuwa na friji la hoteli moja Nungwi, nikaambiwa usijali, besi ataipiga mtu wa studio. Wimbo nikaja kuusikia kwenye daladala ya Mwanakwerekwe, na mtangazaji baada ya wimbo akasoma: maneno na muziki, fulani bin fulani, kiongozi. Nikamwambia abiria wa pembeni, "Wimbo wangu huo." Akasogea dirishani.

Nikamfuata kiongozi. Akasema wimbo ni wa kikundi. Nikamuuliza, kama wa kikundi mbona limesomwa jina lako? Akanijibu bila kupepesa: "Kwani kikundi ni nani?" Mwaka uliofuata wakaalikwa nje kwa sababu ya wimbo ule ule. Besi yangu ilisafiri. Mie sikusafiri, nafasi ilipewa mtoto wa dada yake, anayejua kuishika besi vizuri kwenye picha.

Nikenda Ofisi ya Hakimiliki, COSOZA. Nilipokelewa vizuri, nikaulizwa suala la haki kabisa: una kitu gani cha kuonesha kwamba wimbo ulikuwa nao wewe kabla ya rekodi yao? Nikasema daftari. Liko wapi? Analo yeye. Nikamwandama mpaka akalirudisha, na nikalifungua pale pale mlangoni kwake. Kurasa za katikati zimekatwa kwa wembe, zimenyooka, hata uzi wa daftari haukulegea. Zilizobaki ni zile nyimbo zangu mbaya. Kuchagua anajua, hilo nampa.

Mashahidi? Wanamuziki wenzangu, ambao riziki yao ya harusi ya Ijumaa inatoka mfukoni mwake. Mpiga dumbaki aliyefuturu kwangu Ramadhani nzima akasema yeye hakumbuki, yeye huwa anaangalia ngoma yake.

Bado. Nikasema basi nitauimba mwenyewe kwa sauti yangu hii ya friji, beti zote tano, niuweke mtandaoni. Haukukaa. Nikaletewa ujumbe kwamba nimetumia kazi ya mwenye haki bila ya ruhusa, kwa sababu yeye alishauingiza kwa wasambazaji kwa jina lake. Mtunzi nimeshitakiwa kwa kujiiba. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini, na mie nikacheka, maana ningefanya nini.

Kwa hiyo kanuni yangu hii hapa, na nyengine sina: WIMBO HAUENDI MAZOEZINI KABLA YA KARATASI. Narudia kwa walioruka juu: karatasi kwanza, mazoezi baadae. Baada ya wimbo kupendwa hakuna anayekumbuka ulitoka wapi, na wa kukulipa kukumbuka hayupo. Baiskeli ukimuazima mtu unamuuliza utairudisha saa ngapi, wimbo unamkabidhi unamwambia Mungu akuwekee!

Kwanza fahamu unachomiliki, maana mie nilikuwa nadhani wimbo ni kitu kimoja. Maneno yana mwenyewe. Muziki, yaani ile sauti inayofuatwa na mwimbaji, una mwenyewe. Na rekodi yenyewe, lile faili lililotoka studio, lina mwenyewe tena mbali. Wanaweza kuwa watu watatu, anaweza kuwa mmoja. Kiongozi aliyelipia studio anaweza kweli kuwa na haki kwenye rekodi, lakini haimpi maneno yako. Na aliyetunga bashrafu ana bashrafu yake, haijamfanya mtunzi wa beti. Mie niliibiwa vyote kwa sababu sikujua kama ni vitatu, nikawa nabishana "wimbo wangu, wimbo wangu", naye akijibu "studio nimelipa mie", tunazungumza vitu viwili tofauti.

Pili, haki yenyewe hupewi na ofisi. Unaipata pale pale ulipotunga, bila ya kuandikisha popote. Ndivyo unavyosema Mkataba wa Berne, na Tanzania imo tangu 1994. Kuandikisha ni ushahidi, ila ndugu yangu, haki bila ya ushahidi ni maneno ya barazani. Na uandikishe kwetu. Hakimiliki si jambo la Muungano: bara wana sheria yao ya 1999 na COSOTA yao, sie tuna sheria yetu ya 2003 na COSOZA yetu. Kuna mtu hapo juu kakwambia "jisajili COSOTA tu inatosha", muache. Wala usichanganye na BASSFU, lile Baraza la Sanaa. Kikundi kusajiliwa barazani ni kikundi kutambulikana, hakusemi "Mlango wa Uwani" ni wa nani. Kiongozi wangu alikuwa akinipungia cheti cha usajili wa kikundi kila nikimuuliza, na mie mjinga nanyamaza nikiona muhuri.

Sasa ufanye nini wiki hii. Kaa chumbani, feni uzime, imba kila wimbo mwanzo hadi mwisho kwenye simu. Vibaya hivyo hivyo. Mwanzoni taja jina lako, tarehe, na jina la wimbo. Imba beti zote, hata zile unazojua zitakatwa, HASA zile unazojua zitakatwa. Piga picha kurasa za daftari. Vyote jitumie mwenyewe kwa barua pepe, maana simu inaibiwa, inaanguka baharini, mtoto anafuta. Halafu kaandikishe. Daftari lenyewe lisitoke nyumbani kwenu; akitaka kuzipitia muandikie wimbo mmoja kwenye karatasi nyengine. Mmoja, si kumi na mbili! Azipitie zote ana mtihani?

Na huo mmoja uende na nusu karatasi ya makubaliano. Si lazima uwe na wakili, andika Kiswahili cha kawaida. Kama mfano huu wangu, ninaoutumia siku hizi:

"Mimi (jina kamili) ni mtunzi wa maneno na muziki wa wimbo uitwao (jina), wenye beti (idadi), ulioambatanishwa hapa. Nakiruhusu kikundi (jina) kuuimba jukwaani na kwenye harusi. Kuurekodi, kuuweka mtandaoni, kuuuza au kukipa kikundi chengine kunahitaji ruhusa yangu ya maandishi. Beti na maneno yasikatwe wala kubadilishwa bila ya mimi kukubali. Popote utakapotajwa wimbo, nitajwe mtunzi."

Tarehe, saini yako, saini yake, mashahidi wawili wasiokuwa wanamuziki wake. Nakala mbili. Wimbo wenyewe umeandikwa nyuma ya karatasi hiyo hiyo ili visitenganishwe, maana wembe haujaisha madukani. Kama muziki mmetunga pamoja, andikeni pamoja na nusu ya nani ni kiasi gani, hapo hapo, kabla ya pesa kuonekana. Nusu kwa nusu ni rahisi sana kuandikwa wakati kuna sifuri ya kugawa.

Najua watakuja wenye "sanaa ni ya jamii, usiwe mchoyo, utaonekana una kiburi cha mapema." Nimewaona wawili tayari hapo juu. Wakuu, hao mnaowatetea wakialikwa kupiga hotelini wanaomba malipo ya awali kabla hawajafungua sanduku la fidla. Jamii iko wapi hapo? Klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, taarab haikufa kwa watu kuwa na karatasi na haitokufa kwa wewe kuwa nayo. Kiongozi mwenye nia safi atasoma, atacheka kidogo, atatia saini, mtakunywa kahawa. Atakayekasirika kakujibu suala lako bila ya wewe kulipa nauli ya boti.

Ninaye kijana mmoja mtaani kwangu, anatunga vizuri kunishinda, nilimpa karatasi hii. Kikundi cha kwanza kikamkataa, wakasema "huyu ana mambo ya mahakamani". Akalia. Cha pili wakatia saini na wakamwambia ongeza na kifungu cha posho ya usafiri, mwenyewe alikuwa hakukifikiria. Usitegemee watu wote wabaya, mie mwenyewe nimepiga na watu wema sana, tena wengi wao ndio waliokuwa hawana hata nauli.

Naona nimeandika sana na udi wako sijaugusa. Jifunze udi ukipenda, kinanda ukipenda, ila popote utakapojifunza jifunze na kuandika noti. DCMA, kile chuo cha muziki kilichoanza 2002, wanafundisha, na wanafundisha ala zetu, kanuni ile ya nyuzi nyingi, udi, fidla. Mtunzi anayeandika noti muziki wake nao una karatasi. Mie nilikuwa na maneno yaliyoandikwa na muziki ulioko mdomoni, na mdomo haukubaliki kuwa kielelezo, niliwaimbia pale ofisini wakanisikiliza kwa adabu tu. Hayo ya mapenzi na mawaidha sijui, tunga ulichonacho. Kulikuwa na suala jengine pia, nimelisahau, la kuhama nadhani. Wimbo wa Wete unaimbika Unguja, si lazima ufuatane nao.

Na yule mpiga dumbaki kama unausoma uzi huu, najua unausoma: Ramadhani inakuja, njoo tu. Ila kitasa hakuna, tumia komeo.

Adhana hiyo. Mdogo wangu, rudi utwambie kama ushamtumia picha za kurasa kwa simu, maana vijana mna haraka. Kama ushatuma, taja ni nyimbo zipi na lini, usifute ule ujumbe wala usibadilishe simu, huo nao ni ushahidi wenye tarehe. Masuala ya karatasi uliza hapa hapa uzini, usije inboksi, wapo wengine wenye madaftari wanasoma kimya kimya.